Kaza Kiwiko

Ngumi yangu ya kwanza ya kweli niliipiga vizuri kila mahali isipokuwa mwisho wake. Mguu wa kushoto ulikuwa mbele, kisigino cha kulia kimeinuka, kiuno kikazunguka, pumzi ikatoka kwa kishindo kama nilivyofundishwa. "Kaza kiwiko!" Mwalimu Shigela alinipigia kelele kutoka upande wa pili wa gunia, nami nikakikaza, nikakikaza hasa, mkono ukanyooka kama mchi. Gunia lilijaa mchanga na matambara, na kule chini nilikopiga mchanga ulikuwa umeshindiliana mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Nikasikia kitu kikisema tik ndani ya bandeji. Sauti ndogo tu, ya kijiti kinachovunjwa kuwashia moto. Nikabaki nimesimama najiuliza ni nini hicho, halafu maumivu yakafika.

"Mwalimu," nilisema, "mkono umeniacha."

Mimi ni msusi. Nasema mapema ili ujue tunazungumzia mkono wa nani. Sina cheti cha kazi nyingine, sina shamba hapa Mwanza, sina mume wa kunilisha wala simtafuti. Nina huu wa kulia. Ndio unaogawa nywele, ndio unaoingiza rasta, ndio unaokaza mstari. Wa kushoto ni msaidizi, unashika unachoambiwa. Kwenye saluni ya dada Odeta pale Kiseke kulikuwa na wanawake waliokubali kunisubiri mimi na huku viti vingine viko wazi. Twende kilioni yangu, ile mistari ya kurudi kisogoni, ilinyooka hivi kwamba mtu akiilalia wiki mbili bado unaona njia za kichwani kwake. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Watu wakisikia nilikwenda kujifunza ngumi huniuliza, kwa sauti ya kunionea huruma, ni mwanamume gani aliyekuwa akinipiga. Jamani! Hakuna. Nilipenda mlio. Njia yangu ya kurudi nyumbani ilipita nyuma ya majabali, mbele ya ghala la zamani la mahindi, na kila jioni nilisikia humo ndani du, du-du, du. Kazi yetu ni ya vidole na ya subira. Mteja anakwambia umemvuta, kumbe hata hujamgusa, unasema pole dada. Mwingine ana yake ya nyumbani amekuja kukumwagia wewe, unasema pole dada. Pole dada kutwa nzima. Halafu unapita mahali unasikia mtu anapiga kitu kwa nguvu zake zote na hakuna anayemwambia aombe radhi. Nilisimama nikasikiliza. Kesho yake nikasimama tena. Siku nyingine nikajikuta nimeingia.

Mwalimu Shigela alikuwa mzee mwembamba wa Misungwi, askari mstaafu, mwenye mikono ambayo ukiiona mara moja huisahau. Vifundo vya vidole vilikuwa vimetuna na kukaa hovyo, na dole gumba la kulia halikufika tena kwenye kiganja. Kikombe cha chai alikishika kwa viganja vyote viwili, kama mtoto anayekunywa uji. Alipokuwa kijana alipiga kila alichoambiwa apige, mikono mitupu, na hakuna aliyemwambia kwamba mkono nao unachoka. Kwa hiyo kwake hukuanza kwa kupiga. Ulianza kwa kufunga.

"Mukono una mifupa mingi midogo," alituambia, maana alisema mukono kama wazee wengi wa kwao, "na hakuna hata mumoja uliozaliwa kwa ajili ya kupiga."

Jioni nyingi nilikaa kwenye benchi na bandeji mapajani. Kitanzi kwenye dole gumba, zungusha chini ya kiganja mara kadhaa, pandisha mgongoni mwa mkono, funika vifundo, pita katikati ya vidole, rudi chini, malizia. Ukilegeza, haina kazi. Ukikaza mno, vidole vinapoa na kuwa vya bluu. Kwa hilo nilikuwa bingwa tangu siku ya kwanza, na wavulana waliokuwa na miezi pale hawakupenda. "Huyu hakufunga mukono," Mwalimu alisema akiuangalia wangu, "ameusuka." Ngumi yenyewe ndiyo sikuijua. Nilikuwa naficha dole gumba ndani ya vidole. "Mutoe huyo nje," aliniambia, "ukimuficha ndani utamuvunja." Akanifundisha kugonga kwa vifundo viwili vikubwa, cha kidole cha shahada na cha kile cha kati, na viwili vidogo viachwe vipumzike.

Yote hayo alinifundisha kwa mdomo. Wavulana aliwashika. Alimshika Mashimba, mmoja wao, mkono, akaukunja, akaunyoosha, akampiga kibao cha mgongoni asimame sawa. Mimi hakunigusa hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kuingia ghalani mle, na siku ile ya kwanza alitoka nje, akakaa huko kidogo, akarudi na maneno yake tayari.

"Binti, nitakufundisha kwa mudomo. Mimi siwezi kushikashika mutoto wa watu."

Nilisema sawa mwalimu. Nilimheshimu kwa neno lile na namheshimu mpaka leo, maana kwenye saluni tunasikia habari za walimu wengine, na si nzuri. Basi wavulana walipata mikono yake, mimi nikapata maneno yake. Alisimama hatua mbili mbali, mikono nyuma, akaniangalia nikirusha ngumi hewani. "Kaza kiwiko," aliniambia. "Akelo, kiwiko hicho kinalegea. Kikilegea umekwisha." Nami nilikaza. Aliposema bado, nilikaza zaidi.

Kwenye bajaji ya kwenda hospitali alivua sweta lake, akalikunja, akaliweka mapajani mwangu nilaze mkono juu yake. Kila tulipofika kwenye shimo alilishika sweta kwa pande zote mbili lisicheze. Sweta alilishika, mkono hakuugusa. Mimi nilikuwa nalia, sioni haya kusema, na yeye alikuwa anamwambia dereva taratibu, baba, taratibu, hata mahali ambapo barabara ilikuwa safi kabisa.

Daktari aliupiga mkono picha akatuonyesha. Mfupa mmoja mdogo ulikuwa umepasuka pale mkono unapokutana na kiganja, na mwingine mkubwa pembeni yake umepata ufa. Akasema ngumi ilifika ikiwa imekunjika kwa chini, kwamba uzito wote wa mwili uliangukia pale palipopinda. Akatuambia tusubiri nje tuitwe kufungwa hogo, lile plasta gumu. Tukakaa kwenye benchi la ukutani, mimi, Mwalimu, na mama mmoja aliyekuwa na mtoto amelala mgongoni.

Mwalimu akasema, bila ukali, "Mwanangu. Nilikuwa nakwambia nini kila siku?"

"Nikaze kiwiko."

"Sasa?"

"Nilikaza, mwalimu."

"Hukukaza."

"Nilikaza! Haki ya Mungu nilikaza mpaka kikauma!"

"Kingekazwa kisingevunjika," alisema, na hapo akashika mkono wake wa kushoto pale chini kabisa, mahali mtu anapovaa saa. "Kiwiko si hiki?"

Nikamwangalia. Nikadhani mzee amechanganyikiwa kwa taharuki. Nikapeleka mkono wangu mzima kwenye ule mbovu, nikajishika pale mkono unapojikunja katikati, pale unapoegemea meza. "Kiwiko," nikasema, "ni hiki."

Tukabaki hivyo. Watu wazima wawili kwenye kibaraza cha hospitali, kila mmoja kajishika mahali pake, kama watoto wa darasa la kwanza wanaoulizwa sehemu za mwili. Yule mama wa pembeni, bila kuulizwa na mtu, akajishika mkono wake mahali pangu. Kisha akawaza, akashuka taratibu mpaka mahali pa Mwalimu, akaduwaa, akaachia.

Ndivyo ilivyokuwa, wala hakuna zaidi. Mimi ni Mjaluo wa Rorya, Kiswahili nilikikuta shuleni. Mwalimu wetu alichora mtu ubaoni, na kwenye pembe ya mkono akaandika kiwiko, nami nikalibeba neno mpaka Mwanza. Mwalimu Shigela naye kwao ni Kisukuma. Kiswahili cha ngumi alikipata kambini, kwa mkufunzi mmoja wa Tanga aliyekuwa na kiwiko cha mkono na kiwiko cha mguu, na akisema cha mkono alimaanisha pale kwenye saa. Mzee alilipokea neno kama alivyopewa. Halikuwahi kumtia matatani, maana kila alipolisema alikuwa ameshika mkono wa mtu mahali penyewe. Mpaka nilipoingia mimi, ambaye hashikwi.

Nilicheka. Maumivu yale yalikuwa yamenilevya, nikacheka mpaka mtoto wa yule mama akaamka. Mwalimu hakucheka.

"Kila nilipokiona kinapinda nikakwambia kaza," alisema. "Ukanijibu sawa."

"Na nikakaza."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ningeuliza nini, mwalimu? Nani anauliza kiwiko kiko wapi?"

Akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaigeuza tena. "Hii niliiharibu mwenyewe," alisema. "Nikaapa haitaharibika mingine mbele yangu. Na wako ni mukono wa kazi." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Pale kwenye benchi nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi, nasema kweli tupu. Kujihurumia kulianza kesho yake asubuhi, nilipojaribu kufunga sidiria.

Wiki za hogo sitaki kuzieleza zote. Mama yangu alinipigia simu kutoka kwetu. "Nyara," alianza, mwanangu, vizuri tu, halafu: "hebu niambie, gunia hilo lilikukosea nini?" Dada Odeta naye hakuniacha. "Mwenzenu huyu kaenda kupigana na gunia," aliwaambia wateja, "gunia limeshinda." Lakini aliniweka. Nilifagia nywele kwa mkono wa kushoto, nikapokea wageni, nikashika kioo. Kwenye kiti changu alimleta binti mmoja, Precious, mwenye vidole vyepesi. Siku moja nilimwuliza Odeta kama nihesabu kiti kile kimekwenda.

"Kiti chako kipo," alisema. Akaongeza, maana si mtu wa kudanganya. "Ila wateja, Akelo, hawangoji mfupa."

Nikaogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilimwangalia Precious akigawa nywele kwa mkia wa kichana, ile njia nyeupe ikitokea nyuma ya kichana, na nikaogopa kwamba mimi sitafanya hivyo tena maishani.

Hogo lilipokatwa, mkono uliotoka ndani sikuujua. Ulikuwa mwembamba, umepauka, unanuka kama kitu kilichosahauliwa kabatini. Daktari akasema mfupa umeunga. Vidole je? Akasema vitarudi kwa mazoezi, vingi hurudi, vingine hubaki na ugumu, tusubiri tuone. Nikaenda moja kwa moja saluni, nikachukua kichana, nikaomba kichwa cha mtu yeyote. Kichana kikaanguka. Nikakiokota kikaanguka tena. Mara ya tatu Precious aliinama akaniokotea, akaniwekea mkononi, nami nikatoka nikaenda kulia nyuma kwenye kamba ya taulo.

Wakati huo Mwalimu alikuwa amefunga ghala. Mashimba ndiye aliyekuja kuniambia. Kufuli mlangoni, mzee yuko kwake anachunga kuku, hataki kusikia habari za ngumi. Wavulana walikuwa wameanza kwenda Nyegezi kutafuta mahali pengine. "Anasema hawezi kufundisha na mdomo usiojua unachosema," Mashimba alisema. Nilikasirika. Nilitaka kwenda kumwambia kwamba aliyevunjika ni mimi, yeye analilia nini? Lakini kabla sijaenda, alikuja mwenyewe.

Alisimama mlangoni pa saluni asubuhi, ndoo mkononi. "Hodi." Wanawake wote wakageuka, mmoja yuko kwenye draya, mwingine nusu ya kichwa imesukwa nusu imesimama. Nadhani hakuwahi kuingia mahali kama pale tangu azaliwe.

"Shikamoo mwalimu," nilisema.

"Marahaba mwanangu. Naomba beseni."

Ndoo ilikuwa na mchanga wa mwaloni, mlaini, bado na unyevu wa ziwa. Akaumwaga kwenye beseni la kuoshea nywele, Odeta ameshika kiuno anatazama. Akaniambia nifukie mkono, nikunje vidole humo ndani, kisha nivifungue dhidi ya mchanga, polepole. Daktari alikuwa amenipa sifongo ya kubonyeza, na hiyo Mwalimu akasema niendelee nayo. Huu mchanga ni wa kufungua. Kisha akavuta kigoda mpaka kizingitini, akakaa, akatugeuzia mgongo akatazama barabara, ili wanawake wasijione wanatazamwa na vichwa wazi.

"Umefungua?" aliuliza, akiiuliza barabara.

"Nimefungua."

"Vyote?"

"Cha mwisho kimegoma."

"Kibembeleze."

Akaja na kesho. Akawa anakuja kila asubuhi ya kazi, anakaa palepale, anatazama bodaboda zikipita, ananiuliza vidole kimoja kimoja kama mtu anayeulizia watoto wa jirani. Mchanga ulisambaa saluni nzima. "Mwalimu, mchanga wako unaingia kwenye rasta za watu!" Odeta alilalamika, na jioni akaufagia, akaurudisha kwenye beseni, akaufunika na taulo usikauke. Na akaanza vituko vyake. "Mzee huyu hata akija kukuchumbia," aliniambia mbele ya wateja, "posa ataisomea barabara." Mwalimu alisikia. Mabega yake yakatikisika, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona anacheka tangu siku ile.

Ila mkono wangu hakuugusa. Siku moja nilimwambia kidole cha pete kinakwama, aangalie kinakwamia wapi. Aligeuka nusu, akakitazama kwa mbali, akasema, "Jaribu kukisukuma na mwenzake."

Sijui ni asubuhi gani hasa mambo yalipogeuka. Nakumbuka dole gumba likikutana na kidole kidogo, nikapiga yowe, mteja wa Precious akaruka. Nakumbuka mkia wa kichana ukitulia kati ya vidole bila kutetemeka. Odeta akaja akakaa mbele yangu kwenye kiti, akafungua kilemba chake mwenyewe.

"Suka."

"Itapinda, dada."

"Kwani naolewa leo? Suka."

Mstari mmoja ulinichukua muda ambao zamani ningesuka nusu ya kichwa. Nilikuwa natokwa jasho kama niko kwenye moto wa kuni. Ulipinda, ndiyo, kutoka sikioni ukaenda karibu na paji ukarudi. Odeta akajitazama kwenye kioo, akasema endelea, na kichwa kile akakivaa mpaka mwisho wa juma. Walioulizia aliwaambia ni mtindo mpya, unaitwa njia ya Kigongo, kwa kona zake. Dada yule ana ulimi mkali, lakini siku hiyo ningempa figo.

Nikarudi kwenye kiti. Wateja wangu wengine walirudi, wengine walibaki kwa Precious, na nywele zilimtosha kila mtu. Mtu angesema yamekwisha. Hayakwisha. Vidole vilikuwa vyangu, lakini pale chini, pale kwenye mvunjiko, hapakuwa na mwenyewe. Nikinyanyua birika nilikuwa naubeba mkono kama mtu anayebeba kitu cha kuazima. Nikishika mlango nilitumia bega. Usingizini nililala nimeukumbatia. Daktari alisema umepona, naweza kuanza kuutumia kwa kila kitu, kidogo kidogo, na nilipomwuliza kuhusu ngumi alitafakari, akasema kidogo kidogo na hiyo, lakini kwa mtu anayejua kuelekeza.

Asubuhi iliyofuata, Mwalimu akiwa kizingitini, nikamwambia nataka kurudi ghalani.

"Mimi nimeacha," aliijibu barabara.

"Mwalimu, huu mkono unasuka. Lakini unaogopa. Nikiuacha hivi utaogopa mpaka nazeeka."

"Gunia lile limekula mufupa wako, unalirudia la nini?"

"Gunia halina kosa. Umenirudishia vidole, nashukuru. Ngumi yangu bado uko nayo wewe."

Mwalimu aliondoka mapema kuliko kawaida. Nikajilaumu nimemwumiza, siku nzima nikasuka vibaya. Jioni, nilipokuwa nafunga, nikamkuta amesimama nje na ufunguo umefungwa kwenye kamba ya kiatu.

Odeta alitufuata. Alisema anakwenda kushuhudia ujinga wa bure, akanunua karanga njiani, akakaa juu ya jabali mbele ya mlango uliokuwa wazi. Ndani kulikuwa na vumbi na kinyesi cha mijusi. Gunia lilikuwa limening'inia palepale. Nikakaa kwenye benchi nikafunga mkono, kitanzi kwenye dole gumba, chini ya kiganja, mgongoni, vifundo, katikati ya vidole. Nilifunga polepole na Mwalimu hakuniharakisha.

Nikasimama mbele ya gunia. Mguu wa kushoto mbele. Naye akasimama mahali pake, hatua mbili, mikono nyuma.

"Kaza..." alisema, akakwama.

Nikasubiri. Mdomo wake ulifunguka ukafumba. Alikuwa anatafuta neno, nikamwona analitafuta, neno la Kiswahili, neno la Kisukuma, lolote ambalo halitanivunja. "Kaza pale," alisema mwishowe. "Pale... chini." Akatikisa kichwa, hakuridhika. Uso wake ulikuwa umejaa hofu, na nikaelewa kwamba hofu tulikuwa tumegawana sawasawa, nusu yangu nusu yake.

Nikaunyoosha mkono, nikamwelekezea yeye badala ya gunia.

"Shika, mwalimu. Nionyeshe."

"Mwanangu..."

"Mimi mwenyewe ndiye nasema. Mlango uko wazi, dada Odeta yule pale anatuona. Shika."

"Mshike, mzee!" Odeta alipaza sauti kutoka nje, karanga mdomoni. "Mshike twende nyumbani tukapike!"

Akafuta kiganja kwenye suruali, upande mmoja, upande wa pili. Akaja. Dole gumba lake halikufunga, kwa hiyo alinishika kwa kiganja na vidole vinne, vigumu, vyenye mabonde, na nilisikia mifupa yake na mifupa yangu imelaliana. Mkono ulitaka kuruka. Nikauacha ukae. Akaunyanyua kidogo, kidogo sana, pungufu ya unene wa kidole, na mgongo wa mkono ukalala sawa na mwili wa mkono, mstari mmoja mpaka kwenye vifundo. Hapo palikuwepo mwilini mwangu miaka yote na nilikuwa sijawahi kupasikia. Kwa kiasi kile kidogo nilikuwa nimevunjika.

"Hapa," alisema.

"Hapa," nikasema. Nikakaza hapo.

"Ndiyo. Ndiyo, mama. Hapohapo."

Tukaupeleka mkono mbele pamoja, polepole, mpaka vifundo viwili vikaegemea gunia. Sikusikia maumivu.

"Sukuma."

Nikasukuma. Gunia likaenda mbele, likarudi na uzito wake wote, likagonga ngumi yangu, nami nikafumba macho nikingoja. Hapakupinda kitu.

"Tena," Mwalimu alisema. Alikuwa bado hajaniachia.